Sumu zilizoshikana na protini: kwa nini mashine inaziacha nyuma

Swali: Baba yangu ana miaka 61 na huu ni mwaka wa tatu anasafishwa damu kwa mashine, mara 3 kwa wiki, saa 4 kila kikao. Kila mwezi tunaambiwa kipimo chake cha Kt/V ni 1.5, kwamba kiko vizuri. Lakini usiku kucha anajikuna, chakula hakina ladha mdomoni mwake, na uchovu hauishi. Daktari alitueleza kuwa kuna sumu ambazo mashine haiwezi kuzitoa kwa sababu zimeshikana na protini ya damu. Je, hakuna namna yoyote ya kuzitoa? Tuombe damu izungushwe kwa kasi zaidi? Tumesikia pia habari za mkaa, na mtu mmoja ametuambia ibuprofeni inazing'oa sumu hizo. Bado anapata mkojo kidogo, sijui kama hilo lina maana yoyote.

Jibu: Dada, pole kwa kuuguza, na nisalimie baba.

Daktari wenu amesema kweli, ila ukweli huo una upande wa pili. Mashine inazitoa sumu hizo, lakini kwa kudonadona, na kipimo mnachosomewa kila mwezi hakina jicho la kuliona hilo. Nianze na sababu yenyewe, maana iko hesabu moja ndogo ambayo ukishaishika utaweza kupima mwenyewe kila ushauri utakaopewa.

Kt/V ni kipimo cha yurea peke yake, taka inayotokana na protini. Kilitoka kwenye hesabu za Frank Gotch na John Sargent, waliochambua upya utafiti mkubwa wa Marekani mwaka 1985, na tangu hapo kimeenea duniani kote: kwa anayesafishwa mara 3 kwa wiki, kikao kisishuke chini ya 1.2, na lengo ni kama 1.4. Baba ana 1.5. Yurea yake inatoka vizuri, na hilo si jambo dogo. Lakini yurea ni mgeni asiye na mizigo. Ina uzito wa daltoni 60 tu (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), haishikani na kitu chochote, na ukiifungulia mlango inatoka yenyewe. Ukichukua damu ya mgonjwa kabla na baada ya kikao kizuri, utakuta yurea imeshuka kwa 70% au zaidi. Kwenye damu hiyo hiyo pima indoksili salfeti na p-kresili salfeti, sumu mbili zinazotajwa zaidi katika kundi hili, utakuta zimeshuka kwa theluthi hivi. Halafu kikao kijacho kinapofika zimesharudi pale pale.

Watu wengi hudhani ni kwa sababu molekuli zake ni kubwa, kwamba hazipenyi kwenye vitundu vya kichujio. Sivyo. Indoksili salfeti ina uzito wa daltoni 212 hivi, na p-kresili salfeti 187 hivi. Vitundu vya kichujio cha kawaida vinapitisha vitu vizito kuliko hivyo bila shida. Tatizo ni kile zilichokishika. Zaidi ya 90% ya sumu hizi zimejibandika kwenye albumini, protini kuu ya damu, yenye uzito wa daltoni 66,500 hivi, na utando wa kichujio umetengenezwa makusudi usiipitishe albumini, kwa sababu mwili unaihitaji. Fikiria kupe kwenye ngozi ya ng'ombe. Kupe peke yake angepita kwenye senyenge bila kugusa waya, lakini ng'ombe hapiti, kwa hiyo na kupe anabaki zizini. Tofauti ni moja, nayo ni ya heri: huyu kupe wetu hang'ang'anii moja kwa moja. Anaachia na kushika tena, anaachia na kushika tena, kwa kasi kubwa mno. Kila nukta kuna wachache walio huru, na hao ndio pekee mashine inaowapata.

Figo nzima hazikuwa na shida hiyo. Sumu hizi figo hazizichuji tu kama maji kwenye kitambaa. Seli za vijirija, ile mirija midogo ya ndani ya figo, zina vibebeo vinavyoivuta sumu iliyo huru kutoka kwenye damu na kuitupa kwenye mkojo. Iliyo huru ikivutwa, albumini inaachia nyingine, nayo inavutwa, hivyo hivyo mchana na usiku. Mashine haina seli za kuvuta. Inategemea sumu ijiendee yenyewe kutoka penye nyingi kwenda penye kidogo. Liweke hili akilini, nitalirudia nikifika kwenye mkojo wa baba.

Sasa hesabu yenyewe. Ndani ya kichujio, damu inapita upande mmoja wa utando, na upande wa pili yanapita maji ya kusafishia, yale yanayotengenezwa na mashine kwa maji safi na chumvi zake. Tuchukue sumu ambayo 5 tu katika kila 100 ziko huru. Maji yanapotoka kwenye kichujio hayawezi kubeba sumu kwa wingi unaozidi ule ulio huru kwenye damu inayoingia, maana vikilingana hakuna tena kinachosukuma sumu kuvuka. Kwa hiyo kila mililita ya maji, hata ikijaa kabisa, inaondoka na 5% tu ya sumu iliyomo kwenye mililita moja ya plazma, yaani sehemu ya majimaji ya damu. Maji yakienda kwa kasi ya mililita 500 kwa dakika, upeo wa kazi ya mashine ni kusafisha plazma mililita 25 kwa dakika. Huo ndio upeo. Kazi halisi huwa chini yake. Kwa yurea, mashine hiyo hiyo, dakika hiyo hiyo, inasafisha damu zaidi ya mililita 200.

Tazama kilichomo kwenye hesabu hiyo na kisichokuwemo. Kasi ya maji imo. Kiasi kilicho huru kimo. Kasi ya damu haimo. Hapo una jibu la swali lako la pili: kuomba pampu ya damu iongezwe kutoka 300 kwenda 400 kutaisaidia yurea, lakini kwa sumu hizi faida yake ni ndogo sana, na fistula, ule mshipa wa mkono ulioandaliwa kwa upasuaji kwa ajili ya mashine, ikivutwa kwa nguvu ina gharama yake. Ninayasema haya kwa msisitizo kwa sababu nimewaona wagonjwa wakibishana na wauguzi juu ya namba ya pampu ya damu, huku namba ya maji, iliyo kwenye kioo hicho hicho, hakuna anayeiangalia.

Nami sikuiangalia. Katika kitengo kimoja nilichowahi kufanyia kazi tulikuwa na mgonjwa aliyejikuna hadi ngozi ya mikono ikawa na makovu. Tulijadili aina ya kichujio na dawa, tukapima fosfati mara mbili. Siku moja nimeketi kando ya kiti chake nikisubiri kengele ya shinikizo inyamaze, nikasoma kioo mstari kwa mstari kwa kukosa la kufanya. Kasi ya maji ilikuwa 300. Kwenye faili tuliandika 500. Mtu aliipunguza wakati wa uhaba wa maji, na uhaba ulipokwisha hakuna aliyekumbuka kuirudisha. Kt/V yake ilikuwa imeshuka kidogo tu, bado iko ndani ya lengo, kwa sababu kwa mtu ambaye damu yake inakwenda 250 yurea bado inatoka vya kutosha hata maji yakipungua. Lakini pima kwa hesabu yetu: 5% ya 300 ni 15, si 25. Tulikuwa tumempokonya sehemu kubwa ya usafishaji wa sumu hizi, na karatasi zote zilikuwa zinasema mambo safi. Siwezi kukuambia muwasho ulitokana na hilo. Ila tangu siku ile, mgonjwa akiniambia hajisikii vizuri, naanza na kioo kabla ya karatasi.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuuliza ni kasi ya maji ya baba, ile inayosomeka kwenye mashine akiwa kitini. Ikiwa ni 500, inaweza kupandishwa hadi 800, na upeo wetu unatoka 25 kwenda 40. Lakini kasi peke yake haitoshi. Maji yakipita mbio kwenye kichujio kidogo, yanatoka kabla hayajapokea sumu ya kutosha. Yanataka kichujio chenye utando mpana. Viwili hivi vikienda pamoja, kichujio kikubwa na maji mengi, usafishaji wa sumu zilizoshikana unaongezeka kwa kiwango ambacho yurea haikikaribii. Gharama yake ni maji na kemikali zaidi, na zipo mashine zinazoipunguza kasi ya maji zenyewe kwa kufuata kasi ya damu ili kubana matumizi. Mpangilio huo ni sawa kwa yurea, si kwa shida ya baba, na muuguzi anaweza kuubadilisha akiagizwa na daktari.

Jambo la pili ni muda. Chukua ule upeo wa mililita 25 kwa dakika: kikao cha dakika 240 kinasafisha plazma lita 6, na vikao 3 vinafanya lita 18 kwa wiki. Kikao kikiwa cha saa 8, kama wanavyofanya wanaosafishwa usiku wakiwa usingizini, lita hizo zinakuwa 36. Hesabu inapendeza, ila mwili una yake. Sumu hizi hazikai kwenye damu tu, zimejificha pia kwenye tishu na zinarudi taratibu, halafu kadiri kiwango kinavyoshuka ndivyo kila dakika inavyotoa kidogo zaidi. Katika utafiti wa FHN wa Marekani na Kanada, uliotoa matokeo mwaka 2010, kundi moja lilisafishwa mara 6 kwa wiki na likafaidika, ikiwemo moyo kupungua unene. Damu iliyohifadhiwa ilipopimwa baadaye, viwango vya sumu hizi vilikuwa vimeshuka kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Muda mrefu bado ni mzuri kwa sababu nyingine nyingi: maji ya mwilini yanatolewa polepole, shinikizo la damu halianguki, fosfati inatoka. Ningeuomba. Ila nisingeuahidi kuwa utafuta muwasho.

Na kabla ya kuomba saa 5, hakikisheni saa 4 za baba ni saa 4 kweli. Chukua saa yako ukakae naye kikao kimoja. Anza kuhesabu pampu inapoanza kuzungusha damu, si anapoketi, na toa kila dakika ambayo kengele imeisimamisha, na zile 15 za mwisho ambazo baba mwenyewe ameomba atolewe mapema kwa sababu mguu umekakamaa. Usishangae ukikuta ni saa 3 na dakika 30. Nusu saa kila kikao, mara 3 kwa wiki, ni saa 78 kwa mwaka.

Umesikia pengine habari za himodiafiltrasheni, njia inayosukuma maji mengi yavuke utando pamoja na sumu badala ya kungoja sumu zivuke zenyewe. Ni njia nzuri, na sasa ina ushahidi. Utafiti wa CONVINCE, uliofanyika Ulaya kwa wagonjwa 1,360 na kutoka mwaka 2023, uliona vifo 17.3% kwa waliopata himodiafiltrasheni ya kiwango kikubwa, dhidi ya 21.9% kwa waliobaki na njia ya kawaida yenye vichujio vya vitundu vikubwa. Mahali ipo na fistula inaruhusu, iombeni. Lakini si kwa ajili ya sumu hizi. Lengo lake lilikuwa kuvusha lita 23 au zaidi kwa kikao, yaani kama mililita 96 kwa dakika. Chukua 5% ya hizo: unapata mililita 5. Maji yanayosukumwa nayo yanabeba kile kilicho huru tu. Inapong'ara ni kwenye kundi jingine la sumu ngumu, zile zilizo ngumu kwa ukubwa wake, kama beta-2 mikroglobulini yenye daltoni 11,800. Vichujio vipya vya vitundu vipana kidogo navyo ni vya kundi hilo. Vipo hata vinavyoachia kwa makusudi gramu chache za albumini zitoke na sumu iliyoibeba, yaani kumtoa ng'ombe na kupe wake. Wengine wanavipenda. Mimi kwa mgonjwa ambaye chakula kinamshinda, kama baba, nasita kuitupa albumini.

Sasa ibuprofeni, na hapa nakuomba usome polepole. Aliyewaambia hakuitunga. Albumini ina mahali maalumu ambapo sumu hizi hukaa, na ibuprofeni hupapenda hapo hapo. Ikiingia, inazisukuma, zinabaki huru, na ile 5% ya hesabu yetu inapanda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliwachukua wagonjwa 18, wakapewa miligramu 800 za ibuprofeni kwa dripu kwenye mrija wa damu inayoingia kwenye kichujio, wakiwa kwenye mashine. Usafishaji wa indoksili salfeti na p-kresili salfeti uliongezeka kama mara 3 wakati dawa ikiingia. Ni wazo zuri mno, na naamini siku moja litazaa dawa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo pekee. Lakini tazama mahali ilipowekwa: kwenye mrija, hatua chache kabla ya kichujio, ili sumu inayong'olewa ikutane na utando papo hapo.

Kidonge anachomeza mtu nyumbani ni habari nyingine kabisa. Kinazing'oa sumu mahali ambapo hakuna kichujio cha kuzipokea, na sumu iliyo huru ndiyo inayoingia kwenye seli. Kinachubua tumbo la mtu ambaye mara 3 kwa wiki anapewa heparini ya kuzuia damu isigande. Kinapandisha shinikizo la damu. Na kinaua mkojo uliobaki. Baba asimeze ibuprofeni wala diklofenaki kwa sababu hii. Kama tayari ameanza, aache leo na daktari aambiwe.

Mkaa nao umejaribiwa kwa njia tatu, usizichanganye. Upo wa kumeza. Japani imekuwa ikiwapa wagonjwa wa figo vidonge vya kaboni maalumu, AST-120, tangu mwaka 1991, ili kuikamata indoli, malighafi ya indoksili salfeti, utumboni kabla haijafika kwenye ini. Kiwango cha indoksili salfeti kinashuka kweli. Lakini majaribio mawili ya EPPIC, yaliyowahusisha watu zaidi ya 2,000 ambao hawajaanza mashine, yalitoa majibu mwaka 2015 bila kuonyesha kuwa dawa hiyo inachelewesha figo kufa. Mkaa wa kawaida wa dukani si dawa hiyo, na unakamata pia dawa nyingine anazomeza baba, za shinikizo na za moyo. Usimpe.

Njia ya pili ni kuuweka mkaa upande wa maji ya kusafishia. Ukirudi kwenye hesabu utaona mantiki yake: mkaa ukiinyonya sumu mara tu inapovuka, maji hayajai, kwa hiyo ni kama umeyaongeza. Kutoka kwenye wazo hilo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, wanatengeneza nyuzi za kichujio zenye chembe za mkaa ndani ya ukuta wake. Maabara inatia moyo, ila bado haijafika kitini. Njia ya tatu imefika: kopo lenye shanga za utomvu bandia, linalofungwa kabla ya kichujio, ambalo damu inapita ndani yake na shanga zinashindana na albumini kuishika sumu. Tafiti kadhaa ndogo zimeona muwasho ukipungua kwa wanaofungiwa kopo hilo mara kwa mara. Kama kitengo chenu kinalo, ni jambo la kujadili, hasa muwasho ukiwa umeshindikana kwa njia nyingine. Mjue tu kwamba linajaa baada ya saa chache, linaweza kuganda, na linanyonya baadhi ya dawa, kwa hiyo ratiba ya dawa za baba lazima ipitiwe upya.

Nimeacha tumbo hadi sasa, na kwa kweli pengine ningelianza nalo. Sumu hizi mbili baba hazitengenezi peke yake. Bakteria wa utumbo mpana wanachukua mabaki ya protini ambayo hayakufyonzwa, triptofani na tairosini, wanayageuza kuwa indoli na p-kresoli, na mwili wenyewe unamalizia kazi hadi zinakuwa salfeti. Tunajua hivyo kwa hakika kwa sababu mwaka 2011 watafiti waliilinganisha damu ya wagonjwa wa mashine wa kawaida na ya wale waliokwisha kuondolewa utumbo mpana kwa upasuaji. Hao wa pili sumu hizi walikuwa karibu hawana.

Kwa hiyo niulize swali ambalo pengine hakuna aliyekuuliza: baba anapata choo mara ngapi? Wagonjwa wa mashine wengi wanafunga choo. Wamekatazwa maji mengi, wamepunguziwa matunda kwa kuogopa potasiamu, wanameza vidonge vya kushika fosfati na vya madini ya chuma, na wanakaa sana. Kinyesi kikilala siku 3 utumbo mpana, bakteria wana siku 3 za kuozesha protini, na kila kinachotoka hapo kinaingia kwenye damu. Kuutibu ufungaji choo wa baba ni kupunguza sumu inayozalishwa, na kazi hiyo haihitaji mashine. Nyuzinyuzi nazo zinawapa bakteria kitu kingine cha kula. Utafiti wa wiki 6 wa mwaka 2014 uliwapa wagonjwa wa mashine wanga sugu, aina ya wanga usiomeng'enywa mpaka ufike utumbo mpana, na indoksili salfeti iliyo huru kwenye damu ikapungua. Nyuzinyuzi zake zichaguliwe na mtaalamu wa lishe anayejua figo, kwa ajili ya potasiamu na fosfati, na dawa za kulainisha choo zenye magnesiamu au fosfati asipewe. Usimpunguzie protini kwa kuisikia hadithi hii ya bakteria. Mtu wa mashine anahitaji gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na anayekonda kwa njaa anakufa upesi kuliko anayejikuna.

Kuna jambo jingine lazima niwe mkweli nalo. Katika maabara, indoksili salfeti inadhuru kuta za mishipa na kuifanya damu igande kwa urahisi, na tafiti nyingi zimekuta wenye viwango vya juu wakiugua moyo zaidi, ingawa nyingine hazikukuta hivyo. Lakini hakuna jaribio lililokwisha kuonyesha kwamba kuzipunguza kunarefusha maisha ya mtu wa mashine. Ninaamini zina madhara. Ninazipigania kwa njia zisizo na hatari, yaani kasi ya maji ya mashine, muda, choo na mkojo, na naogopa kumwingiza mgonjwa kwenye hatari kwa ajili yake. Muwasho wa baba nao una wazazi wengi: fosfati, homoni ya paradundumio (tezi ndogo za shingoni), ngozi kavu, wakati mwingine ini au dawa fulani. Vipimo hivyo vikiwa sawa, zipo dawa za muwasho wenyewe, kama gabapentini kwa dozi ndogo baada ya mashine, ambayo daktari lazima aipange kwa mkono wake kwa kuwa kwa mtu asiye na figo inalewesha haraka. Asikae akijikuna akingoja teknolojia.

Sasa mkojo. Umeandika kwa unyenyekevu, "sijui kama hilo lina maana yoyote." Kwangu ndiyo sentensi nzito kuliko zote katika barua yako. Kumbuka vile vibebeo vya kwenye vijirija, vinavyovuta sumu badala ya kuisubiri. Ikiwa baba bado anakojoa, baadhi bado viko kazini, na havifanyi kazi dakika 720 kwa wiki kama mashine. Vinafanya dakika 10,080. Tuseme figo zake zilizobaki zinasafisha sumu hii mililita 2 tu kwa dakika, kiasi ambacho ukikitaja mbele ya mtu mwenye figo nzima atakucheka. Zidisha: ni lita 20 kwa wiki. Vikao 3 vya mashine, kwa upeo wake wote, vilitupa 18.

Kwa hiyo mkojo wa baba ulindwe kama mboni ya jicho. Vidonge vya maumivu nimeshavisema. Rangi inayochomwa mshipani kwa ajili ya picha za hospitali, na antibayotiki za jamii ya jentamaisini, zitumike tu pale hakuna njia nyingine, na daktari mwingine yeyote anayemtibu aambiwe kwamba figo hizi bado zinatoa kitu. Shinikizo lisianguke kwenye mashine: kila linapoporomoka, figo zilizobaki zinakosa damu. Hapo uzito anaouongeza kati ya kikao na kikao una maana, kwa sababu kilo 4 haziwezi kutolewa kwa saa 4 bila kuuchosha mwili. Na muulizeni daktari kama furosemidi bado ina nafasi kwa baba. Haiponyi figo, ila inaweza kuongeza mkojo na hivyo kupunguza maji ya kuvutwa na mashine.

Anzeni kwa kuupima, maana nashuku haujawahi kupimwa. Baba akishatoka kwenye kikao cha katikati ya wiki, aende chooni amwage mkojo wa kwanza, aandike saa. Kuanzia hapo kila tone liingie kwenye chombo kimoja safi chenye kifuniko, kikae mahali pa baridi, hadi atakapoketi tena kwenye kiti, naye akojoe mara ya mwisho humo humo kabla ya sindano. Damu ichukuliwe mwisho wa kikao cha kwanza na mwanzo wa kinachofuata. Maabara ipime yurea na kreatinini, kwenye damu na kwenye mkojo. Niandikie majibu hayo, ujazo wa chombo, saa mlizoanza na kumaliza, na ile namba ya kasi ya maji uliyoisoma kwenye kioo. Nitakupigia hesabu.